Matundu Manne ya Sakafuni

Ifakara,
14 Agosti 2024

Mjomba Remigius,

Shikamoo. Naanza kwa kuomba radhi, maana nikianza na mengine nitaikunja hii karatasi kama nilivyozikunja zilizotangulia. Umepita mwaka na zaidi tangu mkaza mjomba Fausta afariki, na sijakuandikia hata mstari mmoja. Kukupigia simu najua hakuna faida, masikio yako yameziba, na ujumbe wa simu unasomewa na wajukuu kwa kelele mpaka jirani anajibu. Lakini barua ningeweza. Kila nilipokaa niandike, nilianza na "pole", halafu nikalitazama hilo neno lilivyochelewa, nikaacha.

Siku mnamzika kule Mkula mimi nilikuwa wodini hapa Ifakara, nimepasuliwa, Agnetha bado mbichi. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba baadaye nilipona, nikatembea, hata Mang'ula nilikwenda harusini na vitenge vya sare, na Mkula pale mbele tu sikufika. Niliona aibu kufika mikono mitupu kwa mtu aliyenifundisha kukanda unga.

Hapa nyumbani tu wazima. Bryson ameanza darasa la kwanza na kiatu kimoja amekwisha kukipoteza. Agnetha anatembea na anang'ata. Mama mkwe, Mama Yosefina, mgongo unamsumbua ila mdomo haujambo. Evod amevuna mpunga vizuri, na ule wa mwaka jana hatukuuuza, tuliuweka.

Sasa jambo lenyewe. Utasema huyu mtoto kapotea muda wote huo, leo kaja na shida. Ni kweli, nimekuja na shida. Nimejenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, naoka mikate ya kopo na skonzi kama nilivyofundishwa. Inaisha kabla jua halijawa kali. Natuma kwa bodaboda mpaka Kibaoni, lakini inafika imebonyea, mingine imelowa. Nataka gari dogo la kufunika, niwe najitegemea, nipeleke mwenyewe vijijini. Evod alikuwa dereva wa trekta, leseni anayo. Ila magari hatuyajui. Tukienda wenyewe tutauziwa rangi. Wewe fundi ndiye mwenye mkono wa kuchagua injini katika ukoo wetu.

Kama hutaki kunijibu nitaelewa.

Mpwa wako,
Noela


Mbagala,
9 Septemba 2024

Noela mwanangu,

Marahaba. Barua yako kondakta wa basi aliikalia kwenye sanduku la tiketi, akaniletea juzi ikiwa na harufu ya samaki. Mimi nipo. Magoti yanalia, wajukuu ndio wanaoniambia kwamba yanalia, mimi siyasikii.

Hayo ya kuchelewa tuyaache.

Gari. Kwanza ujue unabeba nini. Mkate ni mwepesi lakini unataka nafasi na hautaki vumbi. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinakunywa mafuta kidogo, ni kweli, na wengi watakushauri hicho. Lakini kimezoea mji. Ukikijaza kreti mpaka juu, kwenye barabara za mashamba masika kitayumba kama mlevi. Noah ni nzuri kwa abiria, ila gia zake za otomatiki zikichoka hapo Ifakara utatafuta fundi mpaka Morogoro. Ukiniuliza mimi, tafuta Haisi fupi ya dizeli, gia za mkono, injini ya zamani isiyo na mambo ya kompyuta. Vipuri vyake vinauzwa hata dukani kwa muuza sukari.

Usinunue gari lililokwisha kuwashwa kabla hujafika. Muuzaji akikukaribisha injini ina moto, ujue anaficha kitu. Liwashwe likiwa baridi. Moshi wa bluu, linakula oili. Fungua kifuniko cha oili, ukiona rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, kimbia. Mimi siku hizi siisikii injini. Naweka kiganja juu yake, kisha naweka kiganja sakafuni nyuma. Injini inaweza kudanganya mbele. Nyuma haidanganyi.

Nitatafuta. Msimpe dalali hela yoyote.

Mjomba wako,
Remigius


Ifakara,
2 Oktoba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa kunijibu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ndoo mbele ya tanuri, skonzi za zamu ile zikaungua kidogo, tumezila wenyewe.

Uliandika tuyaache. Kwenye karatasi nimeyaacha.

Bryson anasema tununue gari jekundu. Evod anataka Noah, anasema Haisi ni gari la kubebea watu wa harusi na wacheza mpira. Nikamwambia, "Baba Bryson, wewe unataka gari la kukufanya uonekane, mimi nataka gari la kufikisha mikate." Akanuna mpaka chakula cha jioni, halafu akala sana. Jirani yetu Beatus ana kirikuu cha bluu, kinang'aa, nami nakuambia ukweli moyo wangu ulikuwa huko. Lakini nimeamua nikufuate wewe. Haisi ya dizeli, gia za mkono.

Mpunga tumeuza wote wa miaka miwili. Uliobaki ni wa kula tu na mbegu. Mama mkwe anasema tumeyala mashamba yetu kwa matairi. Kwa hiyo mjomba, hatuna mara ya pili. Likiwa bovu, ndiyo basi.

Ninayetaabika na kukutegemea,
Noela


Mbagala,
11 Novemba 2024

Noela,

Marahaba. Nimelipata. Ni Haisi fupi ya dizeli. Halijatembea sana kwa umri wake, na lilitembea taratibu, halikuwahi kukimbizwa wala kuzidishiwa abiria. Wenye nalo ni kikundi cha watu wa hapa mtaani, watu wa heshima, wamenunua kubwa zaidi. Injini yake naijua. Si kwa kuijaribu siku moja.

Lilikuwa limechakaa rangi, nimelipaka kijani mwenyewe na binamu zako. Nyuma juu ya bampa pana mahali pamebonyea, sikupanyoosha, kwa sababu ukipanyoosha na pale palipopata kutu patachanika. Hapadhuru.

Evod aje wiki ijayo na hela mkononi mwake. Nitamlaza kwangu. Arudi mchana, asisafiri na giza.

Remigius


Ifakara,
20 Desemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo sana. Nimechelewa tena kukuandikia, lakini safari hii ni kwa sababu ya kazi na si kwa sababu ya woga. Gari limefika! Evod alifika anaupapasa usukani kama shingo ya ng'ombe. Tangu siku ile hajaitaja tena Noah. Tunakwenda Kibaoni, tunavuka daraja mpaka Lupiro, tunarudi, tunakwenda Kiberege na Mang'ula, na mafuta anayoweka asubuhi jioni yanabaki. Beatus mwenye kirikuu amekuja kuliinamia akauliza, "Hili linakula nini, upepo?" Nikamwambia muulize mjomba wangu.

Watoto hawajambo. Agnetha analala humo ndani tukiwa njiani, kwenye gunia la unga. Mimi nimechoka, sitakuficha. Naamka kabla ya jogoo, nalala nimekaa. Lakini ni uchovu wa kwangu mwenyewe.

Nina maswali. Je, oili tubadilishe baada ya muda gani? Mlango wa pembeni unagoma ukifunguliwa kwa haraka, tufanyeje? Na kule nyuma, nilipokuwa naosha sakafu kabla ya kuweka kreti, nimeona matundu manne yaliyozibwa kwa lami, mawili huku na mawili huku, yamenyooka kwa mstari. Evod anasema ni ya viti. Lakini ya viti nimeyaona, yapo pembeni. Haya ni ya nini?

Noeli njema. Nimekutumia mkate wa kopo kwa kondakta. Asipokufikia, ameula yeye.

Noela


Mbagala,
17 Januari 2025

Noela mwanangu,

Marahaba, na mwaka mpya. Mkate umefika. Niliula peke yangu, wajukuu niliwafungia mlango. Ulikuwa kama wa Fausta, ila chumvi imepungua.

Oili msingoje ichakae, mtaimwaga kabla ya masika na baada ya masika, na chujio lake pamoja. Mlango wa pembeni usivutwe, uinuliwe kidogo halafu usukumwe, una tabia hiyo. Matairi ya nyuma upepo usizidi, gari la mizigo myepesi likijaa upepo linaruka. Dizeli ununue mahali pamoja unapopaamini, usinunue ya kwenye madumu. Kama mnavuka maji, zima kiyoyozi, ingawa nadhani hakifanyi kazi.

Nadhani ni hayo tu uliyouliza.

Remigius


Ifakara,
3 Machi 2025

Mjomba Remigius,

Shikamoo. Watoto hawajambo, Evod hajambo, mama mkwe hajambo. Nimemaliza habari za nyumbani.

Mkula nilikuwa sijawahi kuuza. Mwisho wangu ilikuwa Mang'ula, nageuza. Jumamosi moja ya mwezi uliopita Evod akasema mikate imebaki, tusogee mbele. Nikakubali. Moyoni nilipanga nitauza upesi, halafu niende kaburini na mkate mmoja mkononi. Nilitaka nifike na kitu.

Tulisimama karibu na kibanda cha Mwanasha, yule mama wa nazi na mafuta ya taa aliyekuwa jirani yenu mlipokaa pale. Watu wakaja. Mwanasha akachukua mkate, akaunusa, akasema, "Huu mkono naujua. Huu ni mkono wa Fausta." Mjomba, nilifurahi karibu nilie. Halafu akazunguka nyuma ya gari.

"Hebu. Gari hili umelitoa wapi?"

"Dar, mama. Kwa mjomba Remigius."

"Lilikuwa jeupe?"

"Sijui. Lilikuja hivi hivi, kijani."

Akaweka kidole pale palipobonyea, akaenda kwenye nguzo ya kibanda chake, ile ya chuma iliyopinda, akawaita vijana wa bodaboda. "Njooni mpime. Kimo cha hapa na kimo cha hapa." Kijana mmoja akapima kwa fimbo. Ikalingana. Mwanasha akasema siku ile ya mazishi mvua ilikuwa kubwa, dereva akarudi nyuma haoni, akaigonga nguzo, na mpaka leo hajaja mtu kuinyoosha. Gari lilikuwa jeupe lenye mstari wa zambarau. Lilimleta Fausta.

Yule kijana akaupindua mkate mkononi akauliza, "Kwa hiyo huu unaliwa au unaombewa?"

Wakacheka, mjomba. Wale waliokwisha kununua wakarudisha mmoja mmoja kwenye kreti, taratibu, kama vile inaunguza. Mama mmoja akasema, "Nirudishie hela yangu dada, mtoto asije akaota." Mwanasha yeye hakucheka. Alinitazama.

"Wewe si ndiye Noela? Yule mpwa aliyesubiriwa?"

"Nilikuwa wodini, mama. Nilijifungua kwa kupasuliwa."

"Najua, tuliambiwa, tukakuombea. Na hiyo wodi walikulaza miaka miwili?"

Akaniambia, "Kumzika hukuja. Leo unatuuzia mikate juu ya kitanda chake."

Nikafunika kreti kwa kanga tukaondoka. Kaburini sikwenda. Tulipofika Mang'ula Evod alisema tu, "Linahitaji dizeli."

Ngoja nikuandikie na aibu nyingine, maana hii ya kwanza watu wote wanaijua. Baada ya siku ile niliendelea kuuza hapa Ifakara bila kusema. Niliwauzia walimu, niliwauzia masista skonzi za watoto wa chekechea. Nilikuwa najiambia Mkula ni mbali. Nilikuwa nanyoosha mkono kutoa mkate na naogopa mtu asije akautazama mkono. Mpaka habari zikafika sokoni, zikarudi kwa mama mkwe. Hakupiga kelele. Alimchukua Agnetha mikononi mwangu, akasema, "Kaoge kwanza." Basi. Gari tumelifunika turubai. Tanuri limepoa.

Sasa nakuuliza, na usinijibu habari za oili. Matundu yale manne ni ya nini? Na ulijua?

Noela


Ifakara,
7 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Kondakta ameapa kwamba barua uliipokea mkononi na uliifungua mbele yake, ukaikunja, ukaingia ndani.

Mimi nilikaa kimya mwaka mzima, najua kimya kinavyokaa. Hakilali. Kwa hiyo sikukasirikii kwa kunyamaza. Nakukasirikia kwa gari. Wewe ni mkubwa wangu, na heshima yako iko palepale, lakini nilikuandikia kwamba hatuna mara ya pili, na ulisoma.

Wateja wawili wamerudi kununua hapa hapa mlangoni, kwenye beseni. Masika yameanza. Evod amekwenda shamba. Nimebaki na watoto na turubai.

Nijibu, hata kama ni mstari mmoja.

Noela


Mbagala,
2 Mei 2025

Mwanangu Noela,

Marahaba. Nilijua.

Ulitaka mstari mmoja, huo ndio. Mingine inayofuata ni ya kwangu.

Hapa mtaani tuna kikundi cha kuzikana. Tulichanga tukanunua ile Haisi kwa ajili ya kupeleka marehemu makwao. Fausta alipofariki, nilisema atazikwa Mkula, kwa sababu pale ndipo alipopendwa. Tuliondoka Mbagala alfajiri na mvua. Wenzangu walikaa mbele na kwenye basi dogo lililofuata. Mimi nilikaa nyuma naye. Walikuwa wanaimba, naona midomo. Sikusikia wimbo wala sala, na sikumsikia padri siku ile. Nilikaa chini, mkono mmoja kwenye jeneza na mwingine sakafuni, na kilichonifikia ni injini peke yake. Mpaka Mikumi, mpaka Kidatu, kwenye matope yaliyozuia mabasi, haikukohoa hata mara moja. Lile basi dogo lilikwama, sisi tulifika. Nilisema moyoni, hiki chuma kina adabu kuliko watu.

Kikundi kilipotaka kuliuza, barua yako ilikuwa juu ya meza. Sikulitafuta gari, nilikudanganya. Nilikuwa nalo kichwani tangu mstari wako wa kwanza. Nilijua ndilo gari bora utakalolipata kwa hela zile, na nilijua nikikuambia lilibeba nini, hutalichukua. Basi nikafungua mwenyewe vile vyuma viwili vya kuzuia jeneza lisiteleze, nikaziba matundu kwa lami, nikapaka kijani. Kila nilipofikia neno lenyewe katika barua, niliandika habari za oili.

Na kitu kingine. Ulipoandika kwamba hukufika Mkula kwa aibu, nilisema tuyaache, wala sikuwa nimeyaacha. Nilikuwa na uchungu nawe. Labda sehemu ya moyo wangu ilitaka ubebe kidogo nilichobeba mimi. Hilo sikulijua wakati napaka rangi. Nimelijua nilipoisoma habari ya nguzo.

Lilete nitaliuza kwa dalali. Kitakachopungua nitaongeza kwa kuuza vifaa vyangu vya kazi, siku hizi havina kazi. Nisamehe. Usiposamehe, nitaelewa, kama ulivyoniandikia wewe.

Remigius


Ifakara,
30 Juni 2025

Mjomba wangu Remigius,

Shikamoo. Usiuze vifaa vyako, na gari silileti. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka nikuandikie baada ya jambo kuisha, na limeisha wiki iliyopita.

Wazima wote. Bryson ameng'oka meno ya mbele na anayauza kwa dada yake. Evod anavuna. Mama mkwe nitakuambia.

Barua yako niliisoma, nikakasirika upya, nikaiweka chini ya godoro. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na Beatus tubadilishane gari lake na letu, kwa hasara, na aibu ya kumdanganya yeye nilikuwa nimekwisha kuikataa, nilimwambia lilibeba nini. Akasema atafikiri. Kabla hajamaliza kufikiri, simu ikalia. Namba nisiyoijua.

"Noela. Ni Mwanasha wa Mkula. Lile gari bado unalo?"

Nikadhani anataka kunicheka. Nikasema ninalo.

"Kaka yangu amefariki hapo hospitalini Ifakara asubuhi hii. Kwetu mtu hakai, tunataka azikwe leo. Hapa kila mwenye gari anasema mara lina abiria, mara ni bovu. Wanaogopa. Njoo nalo." Kisha akasema, "Usije na mikate."

Nilitoa turubai mwenyewe. Evod aliacha mundu shambani akaja na matope miguuni. Likawaka kwa mara moja, mjomba, baada ya kulala miezi yote ile. Tulimchukua marehemu na wanawe wawili wakakaa mbele. Mimi nikakaa nyuma, kwa sababu palikuwa hapana cha kulizuia jeneza. Ukipanda kilima linateleza kwenda mlangoni, ukifunga breki linarudi. Nililizuia kwa miguu na mgongo mpaka Mkula. Njia nzima mkono wangu mmoja ulikuwa sakafuni ili nisianguke. Basi nikaisikia injini na mimi. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, wewe unajua.

Tulifika kabla ya alasiri. Wakazika. Mimi nilikaa na wanawake. Baadaye Mwanasha akaja na ndoo mbili na ufagio, akapanda ndani ya gari akaosha sakafu yeye mwenyewe, amevaa nguo za msiba, mbele ya wale vijana wa bodaboda. Yule wa fimbo akashuka kwenye pikipiki akaenda kuchota ndoo ya tatu. Alikuwa hatanii. Halafu Mwanasha akanishika mkono, akanipeleka kwa Fausta. Pamelimwa, mjomba, pamepandwa maua ya zambarau, ni yeye anayepalilia. Nilisimama nikiwa mikono mitupu, kama nilivyoogopa tangu mwanzo. Mwanasha akasema, "Fausta, mgeni wako huyu." Kisha kwangu akasema, "Sasa umekuja," akaniacha peke yangu.

Tangu siku ile wamenipigia watu wengine. Mmoja wa Chita, mmoja wa Lupiro ng'ambo ya mto. Watu wanafia hospitalini huku, na kwao ni mbali, na ndugu wanazunguka stendi wakinyenyekea madereva. Nimekaa na Evod tukaamua. Mikate na marehemu havipandi gari moja, hilo silijadili na mtu. Haisi itapeleka marehemu makwao. Mikate itakwenda na kirikuu cha Beatus, tumepatana, yeye anaipeleka vijijini na mimi nabaki kwenye tanuri. Masista wamerudi. Niliwaendea nikawaambia yote, sista mkubwa akaniuliza tu kama skonzi za Jumatatu zitawahi.

Sitakudanganya kwamba aibu imeisha. Sokoni wananiita Mama Msiba, na muuza nyanya hanipi chenji mkononi, anaiweka mezani. Mama mkwe anaweka ndoo ya maji nje ya mlango, na Agnetha simshiki mpaka nimeoga. Sibishani naye. Nikiingia anakuwa amekwisha kunipakulia.

Nimekusamehe. Na wewe uchungu wako ulikuwa halali, ila siku nyingine uuandike, usiupake rangi.

Sasa, kwa kondakta yule yule, basi la Jumatano, nahitaji vitu hivi, na usipunguze. Chujio la oili, maana masika yameisha na hatujabadilisha. Pazia la zambarau la dirisha la nyuma, lile alilonisimulia Mwanasha, kama bado lipo kwenye kikundi, na kama halipo basi kitambaa tu, nitashona. Makopo ya mikate ya mkaza mjomba, yale yaliyobaki jikoni kwako, pamoja na lile lenye kona iliyobonyea, usilinyooshe. Na vile vyuma viwili ulivyovifungua, na boliti zake nne, na nati zake. Lami nimekwisha kuitoa kwenye matundu.

Mpwa wako,
Noela